Kipindupindu: ORS kwanza, vidonge baadaye

Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa afya kuhusu kipindupindu imesomwa sana hapa Pasua. Nimeikuta imebandikwa hadi mlangoni kwa kinyozi jirani yangu, na ndiyo sababu nimeshindwa kuinyamazia. Karibu makala nzima mmeandika habari za vidonge vya kuua bakteria. ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ili mgonjwa anywe, mmeipa sentensi moja, tena mwishoni kabisa, baada ya kunawa mikono. Tiba mmeipindua, miguu juu kichwa chini.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilifundisha wanafunzi wa uuguzi, na sasa nina duka la dawa muhimu hapa Moshi. Masika yakikolea na vyoo vya huku bondeni vikianza kufurika, najua mteja atasema nini kabla hajafungua mdomo: "Dokta, nipe Flagyl za buku." Flagyl si dawa ya kipindupindu, lakini kwa watu wetu tumbo likiharibika ni Flagyl tu. Nikitoa pakiti ya ORS wanaipokea kwa heshima ya uzee wangu, na wengine wanaiacha palepale juu ya kaunta. Nani atalipa pesa anunue chumvi na sukari?

Kuna kijana mmoja wa bodaboda alitumwa na mama mkwe wake aje kuchukua dawa. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza swali moja: "Sasa mama, mtu anaharisha maji matupu, na wewe unampa maji tena? Si ndiyo unamwongezea?" Niwieni radhi, lakini swali hilo lina akili kuliko makala yenu, maana ninyi hamkujiuliza kabisa. Kwanza nilimwambia mgonjwa apelekwe kituo cha afya, na njiani aendelee kunywa. Kisha nikamweleza. Nawaeleza na ninyi, kwa kirefu kidogo.

Bakteria wa kipindupindu haingii ndani ya seli zetu. Anajishikiza juu ya ukuta wa utumbo mwembamba, anatulia hapo, anatoa sumu. Robert Koch, aliyemchunguza huko Misri na Calcutta, India, mwaka 1883 na 1884, alishahisi kwamba iko sumu. Ushahidi ulikuja mwaka 1959. Daktari S. N. De wa Calcutta alichuja bakteria wote kutoka kwenye maji waliyooteshewa, kisha yale maji yaliyobaki akayaingiza kwenye kipande cha utumbo wa sungura kilichofungwa ncha zote mbili. Utumbo ukajaa maji ukavimba. Hapakuwa na bakteria hata mmoja mle! Ningekuwa na uwezo, jaribio hilo ningelichora ukutani mwa duka langu, ubishi wa Flagyl uishe.

Sumu yenyewe ni protini ya vipande sita. Vitano kazi yake ni kushika: vinanasa kwenye mafuta fulani yenye sukari, yaitwayo GM1, yaliyoko juu ya seli. Cha sita ndicho chenye madhara. Seli inaimeza sumu nzima, na sumu inasafiri kinyumenyume hadi sehemu iitwayo retikulamu ya endoplazimu, ambako seli hukunja protini zake mpya ili zipate umbo linalotakiwa.

Mahali hapo pana ukaguzi mkali. Protini iliyokunjwa vibaya hukunjuliwa, hutolewa nje, hupachikwa alama iitwayo yubikwitini, kisha hupelekwa kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kukatakata protini, ikakatwekatwe. (Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2004 kwa kuufichua utaratibu huo.) Aliyewahi kuona kinamama wa hapa Moshi wakichambua kahawa atanielewa haraka: punje nzuri inaendelea na safari, mbovu inatupwa kando. Basi kile kipande cha sita kinajifanya punje mbovu. Kinajilegeza, kinakunjuka, wakaguzi wanakitupa nje, na huko nje ndiko kilikokuwa kikitaka kwenda tangu mwanzo. Kwa nini hakikatwi na proteasomu? Kwa sababu alama ya yubikwitini hupachikwa hasa kwenye laisini, moja ya asidi amino, yaani matofali ya kujengea protini, na kipande hiki kina laisini mbili tu. Pa kupachika alama ni haba. Kinajikunja upya, kinaanza kazi. Nimefundisha jambo hili miaka mingi na bado linanikera, jinsi kimelea kisicho na ubongo kinavyoutumia utaratibu wetu wa usafi kama njia yake ya kupita.

Ndani ya seli kuna protini iitwayo Gs. Inapokea amri kutoka nje, inaifikisha ndani, kisha inajizima yenyewe. Sumu inaibandika kemikali ambayo inaifanya ishindwe kujizima, na amri iliyopaswa kuwa ya muda mfupi inakuwa ya kudumu. Seli inafurika molekuli ndogo iitwayo cAMP. cAMP hiyo inazifungua njia za kloridi, sehemu mojawapo ya chumvi, nazo zinabaki wazi, chumvi inamwagika ndani ya utumbo, na maji yanaifuata chumvi kama ilivyo kawaida yake. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Ndiyo maana mtu aliyekuwa sokoni asubuhi, jioni macho yameshaingia ndani na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama.

Sasa turudi kwenye vidonge vyenu. Kidonge sahihi kinaua bakteria. Hakiwezi kuitoa sumu iliyokwisha kuingia ndani ya seli, wala hakiwezi kuizima ile Gs. Seli iliyotekwa itaendelea kumwaga maji mpaka utumbo uibandue na kuweka mpya, na hilo huchukua siku chache. Swali ni moja tu: siku hizo chache mgonjwa ataishi kwa maji gani?

Hapo ndipo lilipo jibu la kijana wa bodaboda. Kwenye ukuta wa utumbo huohuo kuna njia nyingine, SGLT1, inayoingiza sodiamu mbili, zitokazo kwenye chumvi, kwa kila glukosi moja, ambayo ni sukari. Sumu haiigusi njia hiyo. Mlango wa kutokea umekwama wazi, lakini wa kuingilia bado mzima, ila hautaki chumvi peke yake wala sukari peke yake. Unazitaka zote mbili kwa pamoja. Zikipita, maji yanazifuata kurudi mwilini. Maji matupu hayana msaada huo, na soda ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu sukari ikizidi inavuta maji kutoka mwilini kuyaleta tumboni. Kuharisha hakutakoma saa hiyohiyo, na hapa wengi hukata tamaa: "Mbona amekunywa na bado anaharisha?" Ndiyo, bado anaharisha, lakini haishiwi maji, na kuishiwa maji ndiko kunakoua.

Msidhani haya ni ya darasani tu. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika India na kipindupindu kikaingia kambini Bangaon. Maji ya dripu yakaelekea kuisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru maji ya chumvi na glukosi yachanganywe kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa wakawa ndio wanaowanywesha. Kabla ya hapo vifo vilikuwa takriban asilimia 30. Kwa waliopata maji yale, vilishuka hadi asilimia 3.6. Mabomba ya dripu yalikuwa haba, wauguzi walikuwa wachache, na tope lilikuwa kila mahali, kumbe tiba iliyokuwa mikononi mwa akina mama na akina shangazi ilitosha.

Sikatai antibiotiki. Mgonjwa aliyezidiwa akipewa inayostahili, kwa agizo la daktari, kuharisha kunapungua na ugonjwa unaisha mapema. Dripu nayo ni ya lazima kwa aliyekwisha kulegea asiweze kunywa. Ninachokataa ni mpangilio wenu, unaomfanya msomaji wa Njoro au Kahe aanze na duka la vidonge, huku mgonjwa akikauka kitandani.

Na msifikiri ni kipindupindu pekee chenye ujanja huu. Bakteria wa kimeta, ambaye wafugaji wa huku Kaskazini wanamfahamu vizuri, anakuja na kimeng'enya chake mwenyewe cha kutengeneza cAMP ileile, na kingine cha kukata protini zinazopitisha ujumbe ndani ya seli. Kwa kimeta antibiotiki ndiyo nguzo ya tiba, ila ikicheleweshwa hata kidogo tu, sumu inakuwa imeshasambaa na bakteria kufa hakutoshi tena. Wa kifaduro naye anazifuata protini za ukoo wa G, ndugu za ile Gs, ila yeye anaishika ile ya kuzuia badala ya ile ya kuamrisha. Hizo ni habari za barua nyingine, mkinipa nafasi.

Ombi langu ni hili. Mtakapoandika tena, anzeni na ORS, na andikeni inafanyaje kazi. Watu wetu si wajinga. Wanaidharau pakiti kwa sababu hakuna aliyewaambia inafanya nini, wameambiwa tu "kunyweni". Kisha andikeni namna ya kuichanganya, maana hapa dukani naona mambo. Mtu anafungua pakiti, anamimina nusu kwenye kikombe cha chai, anakoroga, nusu anaikunja na kuiweka juu ya kabati. Pakiti ya lita moja inakwenda yote, kwa mara moja, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Asiye na chombo cha kupimia atumie chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa lita moja, si kukisia kwa jagi. Isiongezwe sukari ili mtoto aipende. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe, ichanganywe nyingine. Pakiti ikikosekana kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe na kilima. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto, kwa hiyo kijiko cha chakula kisitumike hata kidogo.

Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Na akitapika ORS, msiseme imemkataa: subirini dakika kumi, kisha mrudieni kwa kijiko, polepole kuliko mwanzo.

Muuguzi mstaafu,
Pasua, Moshi