Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Vipuri na Samani za Nyumba Zetu za Miaka ya 1950 na 1960

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha mbele yenu taarifa ya shughuli za mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha zitasomwa na Mhazini katika ajenda yake, hivyo sitaziingilia. Nitajikita katika jambo ambalo karibu kila mwanachama ameifikishia kamati kwa namna yake: vipuri vya nyumba zetu vinapatikana wapi, na vikikosekana, nani wa kuvitengeneza.

Msimamo wa kamati, baada ya mjadala mrefu, ni kwamba kipuri cha dirisha au kiti cha mwaka 1957 hakimo tena dukani. Kimo ndani ya nyumba nyingine ya umri huohuo, na mara nyingi nyumba hiyo iko njiani kubomolewa. Mambo mengine yote nitakayoyaeleza yanatokana na hilo.

Wengi wetu tunaishi Upanga, katika nyumba na maghorofa yaliyojengwa tangu miaka ya 1950, na wengine wako Oysterbay na katikati ya jiji. Ni majengo ya kizazi cha wasanifu kama Anthony Almeida, aliyezaliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1921, waliotambua kwamba katika jiji hili kivuli na upepo vina thamani kuliko pambo lolote. Ndiyo maana tuna vizuia jua vya zege, kuta za tofali za matundu, madirisha ya luva na sakafu za terazo ambazo hubaki baridi hata saa nane mchana. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Katikati ya miaka hiyo ulikuwepo uhaba wa bidhaa ambao wazee wetu hawajausahau, wakati hata skrubu ilipatikana kwa kujuana. Ninayataja haya kwa sababu anayefungua dirisha la zamani leo hukuta historia hiyo yote mahali pamoja: mkono wa shaba kutoka Uingereza, msumari uliokatwa badala ya pini yake, na juu yake waya wa kufungia uliopakwa rangi tabaka juu ya tabaka.

Ifahamike pia kwamba sheria haitusaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vya kabla ya mwaka 1863, na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Nyumba ya mwaka 1955 imezaliwa nje ya tarehe hizo, na bila tangazo maalumu la Serikali mwenye nyumba yuko huru kung'oa kila kitu asubuhi na kukipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu jioni. Ndivyo ilivyotokea mwaka huu katika jengo moja la ghorofa ambalo sitalitaja. Tulipopata habari, fremu zote za madirisha zilikuwa zimekwisha kupimwa kwa kilo.

Madirisha hayo ya chuma ndiyo yaliyotusumbua kuliko kitu kingine chochote, na naomba niyaeleze kwa kirefu. Fremu zenyewe ni imara ajabu. Kinachokufa ni viungo vyake, yaani bawaba, mkono wa kufungia na kile kishikizo chenye matundu kinacholizuia dirisha lisipigwe na upepo. Bolti nyingi za vifaa hivyo zilitengenezwa kwa inchi, kabla nchi haijahamia kwenye vipimo vya metriki. Bolti ya robo inchi ya Whitworth, yaani kipimo cha zamani cha Uingereza cha tredi za inchi, ina kipenyo cha milimita 6.35 na tredi 20 kwa kila inchi, maana yake kutoka tredi moja hadi nyingine ni milimita 1.27. Bolti ya M6 ya metriki, ambayo ndiyo utakayouziwa katika duka lolote la vifaa Kariakoo, ina kipenyo cha milimita 6, na nafasi kati ya tredi zake ni milimita 1. Kwa macho zinafanana kama pacha. Fundi akiilazimisha M6 katika tundu la zamani, huzunguka mara mbili, ikakaza, naye akaridhika kwamba imeshika; siku kusi likivuma sawasawa inachomoka, na mara nyingi inaondoka na tredi ya fremu. Kwa hiyo kamati imenunua seti ya tapu na dai za Whitworth, yaani vifaa vya kukatia tredi, ambazo mwanachama yeyote anaweza kuziazima kwa kutia saini kitabuni, na tumepatana na mafundi wa kukereza wa Gerezani ambao sasa wanatuchongea pini na bolti za shaba kwa kufuata sampuli. Mkono mzima wa dirisha unaweza pia kusubiwa upya, yaani kumiminwa kwa shaba iliyoyeyushwa, kwa kutumia ule wa zamani kama kielelezo, ila mkumbuke kwamba shaba hunywea inapopoa, hivyo nakala hutoka ndogo kidogo kuliko mama yake na matundu yake hayana budi kutobolewa upya.

Kuhusu kutu, chumvi ya bahari haina huruma, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana kioo cha pembeni hupasuka bila kuguswa na mtu. Palipoliwa na kutu pakwanguliwe mpaka chuma kionekane, papakwe rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi ya mafuta. Wakati wa kukwangua, tafadhali lowesheni kwanza. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa sababu hiyohiyo msiwaruhusu mafundi kuibabua rangi kwa moto wa gesi.

Luva ni nyepesi kuzihudumia, na inanisikitisha kuona zinavyoondolewa kwa pupa na nafasi yake kuchukuliwa na madirisha ya aluminiamu ya kuteleza. Dirisha la kuteleza huachia nusu tu ya nafasi yake, ilhali luva hufunguka karibu yote, na aliyekaa Upanga mwezi Februari umeme umekatika anaijua tofauti hiyo mwilini mwake. Kioo cha luva kikivunjika, kipimeni unene kabla ya kwenda kwa mkata vioo. Ikiwa kishikio kilitengenezwa kwa ajili ya kioo cha robo inchi, kile cha milimita 5 kitacheza na kupiga kelele usiku kucha. Daini pia kingo zilizosagwa, kwani kioo kilichokatwa tu bila kusagwa kitawajeruhi wanaofuta vumbi.

Sasa nizungumzie samani. Makochi na viti vya wakati ule, vyenye mikono ya mbao iliyo wazi na miguu iliyochongoka, vingi ni vya mninga au mvule, na vichache ni vya msaji. Kosa linalorudiwa ni kuvipiga msasa wa mashine siku ya kwanza. Kwanza ijulikane juu ya mbao kuna nini. Chukueni pamba yenye spiriti mkafute mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya kiti: rangi ikilainika na kunata, hiyo ni shelaki, nayo hurudishwa upya kwa spiriti na kitambaa bila kuparura hata uzi mmoja wa mbao. Ikigoma kwa spiriti lakini ikayeyuka kwa thina, ni laka. Ikigoma kwa vyote viwili, basi mtu alishaipaka vanishi ya kisasa, na hapo ndipo kazi ya kukwangua kwa mkono inapokuwa halali.

Viungo vikilegea, visipigwe misumari. Fundi mmoja wa Keko, ambaye kamati ilimpelekea viti vya meza ya kulia chakula vya mwanachama wetu, alifunika kiungo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, akasubiri, akagonga taratibu kwa nyundo ya mbao, na ulimi ukatoka tunduni ukiwa mzima, ukinuka ile harufu ya gundi ya ngozi iliyolowa. Gundi ya aina hiyo hukubali kufunguliwa. Gundi nyeupe ya siku hizi hukubali kwa shida, na ile ya kuchanganya chupa mbili haikubali kabisa. Kwenye kiti kimojawapo palikuwa na misumari mitatu ya inchi mbili, na kukitengeneza hicho peke yake kulimchukua muda mrefu kuliko vingine vyote kwa pamoja. Mikanda ya kukalia, ambayo zamani ilikuwa ya mpira, imekwisha kuoza karibu kila mahali. Wapo wanachama wanaotaka tuagize ya asili kutoka Ulaya. Mimi naona vipande vya mpira wa ndani wa tairi, vilivyokatwa kwa upana ulio sawa na kuvutwa kwa nguvu sawa, vinafanya kazi ileile, havionekani chini ya mto, na hung'olewa bila kudhuru fremu. Tujali zaidi sponji: ikizidi unene wa ile ya awali, mkaaji hupanda juu, mikono ya kochi hushuka, na sura yote ya kiti huharibika.

Tofali za matundu hazina shida, kwa kuwa tangu mwanzo zilifyatuliwa hapahapa. Moja iliyo nzima inatosha kutengenezea kalibu. Mabomba nayo tumebahatika: nusu inchi ya mwaka 1955 ndiyo nusu inchi ya leo. Terazo isafishwe kwa sabuni ya kawaida, na limau na asidi vikae mbali nayo, maana vipande vyake vya marumaru huliwa navyo.

Hata hivyo, si kila cha zamani kinastahili kuokolewa. Nyaya za umeme zilizovikwa mpira hukauka na kumomonyoka zikiguswa, na hakuna uzuri wa swichi ya bakelaiti unaohalalisha kuziacha ukutani. Zitolewe zote na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Soketi za pini za duara zisiunganishwe tena. Paa na vigae vya sakafu vyenye asbesto visikatwe, visitobolewe wala kupigwa msasa na mtu asiye mtaalamu. Vitu vya aina hizi havitapokelewa katika stoo ya chama hata vikitolewa bure.

Nimeitaja stoo, na hilo ndilo ombi la kamati kwenu. Baadhi ya wanachama wamependekeza akiba yetu itumike kuagiza vipuri Uingereza. Pendekezo hilo lina mantiki kwa vitu vidogo kama funguo za vitasa vya zamani, lakini kwa madirisha na samani gharama ya meli na ushuru itatumaliza, huku kipuri kilekile kikiyeyushwa hapa jijini kwa bei ya chuma. Kamati inaomba mkutano huu uridhie mambo mawili: kwamba fedha hizo zikodi chumba cha kuhifadhia vipuri, na kwamba kila mtaa uwe na mwanachama mmoja wa kuzungumza na wenye nyumba na wakandarasi mapema, kibali cha kubomoa kinapoombwa, ili tununue kabla ya mwenye mzani kufika. Kila kitakacholetwa stoo kifungwe kikaratasi kinachoonyesha mtaa, chumba kilimotoka na upande wa kushoto au kulia, kwa sababu bawaba za pande hizo mbili hazibadilishani. Katibu anazo fomu, na kura itapigwa mara baada ya taarifa ya Mhazini.

Mwenyekiti