Mbegu ya maharage ipimwe utando, si uotaji peke yake

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa kupanda, wakulima wa huku Uyole na Mbalizi, mkoani Mbeya, ambao maharage yao hayakuota hulaumu mvua, au huambiwa kwamba walifukia mbegu kwa kina kisichofaa. Naomba nafasi katika gazeti lako nitaje chanzo kingine ambacho hakisemwi vya kutosha, nacho ni kuchakaa kwa utando wa seli ndani ya mbegu yenyewe.

Utando huo, yaani ngozi nyembamba inayozunguka kila seli, wenye unene wa nanomita 5 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), umejengwa kwa tabaka mbili za molekuli za mafuta, kila molekuli ikiwa na kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakwepa. Mbegu inapokaa kwenye ghala lenye joto na unyevu, oksijeni huzishambulia molekuli hizo taratibu, na mbegu kavu haiwezi kujikarabati mpaka ipate maji. Mkia wa molekuli ulioshikwa na oksijeni huanza kupenda maji, ukajikunja kuelekea nje badala ya kutulia katikati ya utando. Hapo molekuli huachana nafasi, utando hupungua unene, huvujisha vilivyomo na kupasuka kwa kuvutwa kidogo tu, ilhali hata utando mzima hauvumilii kutanuka zaidi ya asilimia chache.

Mbegu ya namna hiyo ikipandwa katika udongo wa baridi wa Uyole, mwinuko wa karibu mita 1,800, tena ganda lake likiwa na nyufa za fimbo za kupuria, maji huingia kwa kasi kabla utando haujajipanga upya. Sukari na chumvi humwagika udongoni, kuvu huzifuata, na mche hufa kabla haujachomoza.

Asilimia ya uotaji tunayoisoma kwenye lebo hupimwa katika joto na unyevu mzuri, kwa hiyo haionyeshi udhaifu huu, na si haki kumtwisha mkulima lawama. Kipimo kinachouonyesha kipo: mbegu 50 hulowekwa kwa saa 24 katika mililita 250 za maji yasiyo na chumvi, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, kisha hupimwa jinsi maji hayo yanavyopitisha umeme. Kadiri utando ulivyochakaa, ndivyo usomaji unavyopanda.

Naiomba TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu nchini Tanzania, ikishirikiana na watafiti wa TARI Uyole, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, isimamie kipimo hiki kwa mbegu zote za maharage zinazouzwa Nyanda za Juu Kusini, na matokeo yake yaandikwe kwenye lebo pamoja na mwezi na mwaka wa kuvuna.

Mkulima wa maharage,
Uyole, Mbeya