Klipu ya chambo isitufanye tusahau fundo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie jambo ambalo kwa asiyekwenda baharini laweza kuonekana dogo, lakini kwa sisi tunaorambaza katika mkondo wa Pemba ndilo linaloamua kama nguru ataingia chomboni au ataondoka na chambo chetu mdomoni. Nazungumzia namna ya kushikisha chambo cha bandia kwenye mshipi. Je, tufunge fundo moja kwa moja kwenye tundu la chambo, au tutumie klipu, yaani kile kibanio cha waya kinachofunguliwa na kufungwa kwa kidole ili chambo kibadilishwe upesi?

Katika msimu wa kaskazi uliopita, mbele ya Shimoni, nilikuwa nimeshika mwenyewe mshipi wa nailoni ya ratili 100, ambazo ni takriban kilo 45. Samaki alikula kabla jua halijapanda, akavuta mara mbili kwa nguvu, akatikisa kichwa, kisha mshipi ukalegea mkononi mwangu. Nilipoupandisha nilikuta nailoni ni nzima, waya unaotangulia chambo ni mzima, na kile kipete cha shaba kinachozunguka ili mshipi usijisokote nacho ni kizima. Klipu peke yake ndiyo iliyokunjuka, mguu wake umechomoka chini ya ulimi, yaani kibati kinachoushika, na kunyooka kama sindano ya kushonea tanga. Chambo kilichopotea kilikuwa na ndoana mbili za meno matatu, na mpaka leo linaniuma kwamba yule samaki aliondoka nazo, kwa maana samaki aliyefungwa mdomo hawi wa mvuvi wala wa bahari.

Klipu ile niliinunua dukani ikiwa ndani ya kimfuko kisicho na maandishi yoyote. Haikuandikwa inastahimili ratili ngapi wala ni ya madini gani, nami sikuipima kabla ya kuiamini. Siku hizi kila aina mpya ninayonunua naitundika kwanza kwenye msumari wa boriti, kisha naning'iniza chini yake madumu mawili ya maji ya lita 20, ambayo kwa pamoja hayapungui kilo 40, nami huyatikisa kwa mkono, kwa sababu samaki havuti kwa utulivu kama mzigo wa mizani. Klipu nyingi za bei ndogo hustahimili uzito uliotulia na kufunguka kwa mtikiso. Mguu unaoshikwa na ulimi mwembamba wa bati hauna mahali pa kujizuia pindi unapovutwa kwa ubavu, na baada ya wiki kadhaa za maji ya chumvi, kutu huanzia palepale chini ya ulimi, mahali ambapo jicho halifiki.

Hata hivyo sitaki nieleweke kuwa napinga klipu. Anayevua nguru na mzia hana budi kuweka waya mbele ya chambo, kwa kuwa meno ya samaki hao hukata nailoni kama wembe, na waya haufungwi na kufunguliwa kila mara. Husokotwa kwa koleo mara moja, na ukishapinda hauaminiki tena. Hapo klipu madhubuti mwishoni mwa waya ni jambo la busara kabisa, hasa wakati samaki wanapita kwa muda mfupi na nahodha anataka kutoa chambo chekundu aweke cha rangi ya dagaa. Vilevile baba yangu mdogo, ambaye amevuka miaka sabini, haoni tena nailoni katika mwanga wa alfajiri na vidole vyake vinatetemeka. Klipu ndiyo iliyomrudisha baharini, na yeyote anayeibeza mbele yangu nitamkumbusha mzee huyo.

Ninalolipinga ni mazoea ya vijana wetu kuweka klipu kwenye kila mshipi, hata kwenye chambo chepesi cha urefu wa kidole kinachovutwa kandokando ya mwamba kwa ajili ya kolekole wadogo, ambapo waya hauhitajiki. Chambo cha namna hiyo kimepimwa na fundi wake kiyumbe kama samaki mgonjwa, na ukikitundikia chuma puani kinainamisha kichwa na kuacha kuyumba. Chuma kinachong'aa nacho huvutia macho ya nguru, akaking'ata badala ya chambo na kukata mshipi mbele yake. Lauri Rapala, mvuvi wa Finland aliyechonga chambo chake cha kwanza mwaka 1936, ameacha jina lake kwenye fundo la kitanzi, ambalo halikazi tundu la chambo bali hukiachia nafasi ya kucheza. Kwa hiyo hoja ya kwamba ni klipu pekee inayokipa chambo uhuru haina msingi. Fundo linalokaza hadi kwenye tundu ndilo linalokinyima uhuru huo.

Kitanzi ninachokitumia mimi si kigumu. Unafunga fundo moja legevu kwenye nailoni, unapitisha ncha katika tundu la chambo, unairudisha ndani ya lile fundo legevu kwa upande uleule ilikotokea, kisha unaizungusha kwenye mshipi mkuu mara tano kama nailoni ni nyembamba, au mara tatu kama ni nene, na kuirudisha tena ndani ya fundo. Kabla ya kukaza, lilowanishe kwa mate au maji. Wengi huruka hatua hii, na nailoni inayokazwa ikiwa kavu huungua kwa msuguano na kukatika palepale. Fundo la kawaida la kufunga mara moja tu laweza kuondoa karibu nusu ya nguvu ya mshipi, ilhali kitanzi kilichofungwa vizuri huacha sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Ni kweli kwamba kila ukifunga upya unakata kipande cha nailoni, lakini kipande hicho mara nyingi ndicho kilichokwisha kukwaruzwa na mwamba.

Kwa wenye maduka ya zana za uvuvi, ombi langu ni kwamba wasiuze klipu zilizotolewa kwenye pakiti zake na kugawanywa katika vimfuko vitupu, kwani mvuvi anayelipa fedha yake ana haki ya kujua kitu anachokiamini kinastahimili uzito gani. Kwa manahodha wenzangu, kijana anayeanza kazi na afunge kitanzi kwa macho na kwa giza kabla hajakabidhiwa klipu, maana klipu zikiisha katikati ya bahari hakuna duka huko. Nawe Mhariri, kama ukurasa utaruhusu, tafadhali chapisha mchoro wa fundo hilo hatua kwa hatua, mkubwa wa kutosha kubandikwa kwenye ukuta wa banda la wavuvi.

Wako,
Mvuvi wa mshipi,
Shimoni, Kwale