Mjomba, nikueleze ile muvi ya wakorea wanaocheza mawe

Shikamoo mjomba. Mimi huku Seoul mzima kabisa, masomo yanaenda, baridi nishaizoea. Dogo kaniambia mlikaa pale kwenye kibanda umiza mkaangalia muvi ya kikorea, ile ya jamaa wanaocheza mawe meusi na meupe alafu wanachomana visu, na we ukatoka na hasira kwa sababu dj aliyeitafsiri kaongea kila kitu isipokuwa mchezo wenyewe. Eti uliuliza sasa hapo nani kashinda na kibanda kizima hakuna aliyekujibu. Basi nakujibu mimi, na ntaandika kirefu kwa sababu hii kitu naipenda kweli, dogo akusomee taratibu asirukeruke.

Muvi inaitwa The Divine Move, imetoka 2014, kaiongoza Jo Bum-gu na steringi ni Jung Woo-sung, huku ni staa mkubwa sana yule. Hapa Korea peke yake watu zaidi ya milioni 3.5 waliingia sinema kuiona. Mchezo unaitwa baduk. Wachina ndo wenye asili yake na wao wanauita weiqi, wajapani wanauita igo, lakini ni uleule, una umri wa zaidi ya miaka 2,000 na watu bado wanaucheza kila siku.

Ubao una mistari 19 kwenda chini na 19 kwenda pembeni, inakatana sehemu 361. Jiwe linawekwa pale mistari inapokatana, sio ndani ya kibox kama drafti. Mweusi anaanza, na kwa kuwa kuanza ni faida basi mweupe anapewa fidia ya pointi 6 na nusu, hiyo nusu kazi yake ni kuzuia droo. Mkishaweka jiwe halitembei tena mpaka mwisho. Hapo ndo tofauti na bao mjomba, kwenye bao ukila kete za mwenzio unazipanda upande wako zinaendelea na kazi, hakuna kete inayotoka mchezoni, zile 64 zinazunguka tu mpaka mmoja aishiwe. Huku jiwe likizungukwa pande zote likakosa pa kupumulia linatolewa, linawekwa kwenye kifuniko cha bakuli kama mateka, na wakati wa kuhesabu wale mateka wanachukuliwa wanajazwa ndani ya eneo lako, yani zile nafasi tupu ulizozizungushia mawe yako, wewe uliyewapoteza, yani maiti zako mwenyewe zinakuja kukupunguzia nyumba. Na eneo wanaliita hivohivo, nyumba. Mwenye nyumba nyingi ndo mshindi. Kwahiyo pale ulipouliza nani kashinda jibu ni kwamba mara nyingi hata wao hawasemi, mchezaji mzuri anaona kashindwa mapema kabla ya kuhesabu, anainamisha kichwa anakubali na yameisha. Ndo maana uliona mtu anatoa jasho kwa jiwe moja tu alafu wote wananyamaza.

Sasa stori. Tae-seok ni mchezaji wa kulipwa, mtu wa maana, anaishi kwa baduk. Kaka yake Woo-seok kaingia kwenye baduk la kamari na genge la adui anaitwa Sal-soo. Kaka anamuomba mdogo wake amsaidie na mdogo anakubali kwa shingo upande. Wanatega kamera ya siri, Tae-seok anakaa nje anaangalia ubao anamwambia kaka yake sikioni weka hapa weka pale. Mambo yanaharibika, kaka anauawa mbele yake, na yeye ndo anabambikiwa kesi ya kumuua kaka yake. Miaka 7 jela. Akitoka anaanza kulipiza.

Nataka uone kitu ambacho vijana wengi wanakiruka mjomba. Steringi wetu hakuwa msafi. Wale ndugu wawili walikaa pale kuiba, mwenye macho ya kweli alikuwa nje na aliyekaa mezani alikuwa anasomewa. Sisemi walistahili, Sal-soo ni katili na hakuna anayestahili kufa kwa ajili ya mchezo, lakini muvi ingemfanya Tae-seok malaika ingekuwa ya kawaida sana. Hapa ana deni la wenzake na ana deni lake mwenyewe, ile sauti iliyompeleka kaka yake kufa ilikuwa sauti yake. Mi naamini hiyo ndo inamla kule ndani, zaidi hata ya kisu cha Sal-soo. Jung Woo-sung kaiigiza vizuri sana, hasemi, inaonekana machoni tu.

Alafu kuna sheria moja ya baduk ambayo bila kuijua hii muvi inakuwa visu vitupu. Wakorea wanaiita pae. Kuna namna mawe yanakaa, mimi nakula jiwe lako moja, na lile jiwe langu lililokula nalo linabaki wazi kuliwa na wewe palepale. Wewe ukinila, mimi nakula tena, wewe tena, hatuishi mpaka kesho. Kwahiyo sheria inakataza. Nikikula, wewe HURUHUSIWI kunila hapohapo. Lazima kwanza ukacheze kwingine, na sio kwingine popote tu, unatafuta sehemu ya kunitishia kitu kikubwa ambacho nikikipuuza naumia zaidi. Nikikimbilia kuziba kule ndo we unapata ruhusa ya kurudi kunila pale pa mwanzo. Wachezaji wakubwa wanapigana pae moja kwa muda mrefu, wanatishiana ubao mzima kwa ajili ya jiwe moja, na anayeshindwa ni yule aliyeishiwa vitisho.

Sasa rudi kwenye muvi ukiwa na hiyo kichwani. Tae-seok katoka jela, anajua Sal-soo anakaa wapi, na miguvu anayo, kajifunza kupigana na wababe kulekule ndani. Kwanini asiende moja kwa moja? Watu kibandani lazima walipiga kelele nenda kamuue. Hawezi, anacheza pae. Anaenda pembeni kwanza, anakusanya watu wake, yule mpambe mropokaji aliyekuwa akifanya kazi na kaka yake, yule mzee kipofu, na yule mwenye karakana ya vyuma chakavu anayetengeneza vifaa vyao, alafu anawagusa watu wa Sal-soo mmoja mmoja. Kila anayemtoa ni kitisho, Sal-soo lazima ageuke kuziba. Mpaka siku Sal-soo anashtuka huyu ni nani, tayari hana pa kuweka jiwe. Na hata sehemu za muvi zimepewa majina ya hatua za baduk, ufunguzi, uhai na kifo, mpaka kuhesabu nyumba, kwahiyo aliyeitunga alijua anachofanya.

Na ile ya jela sijui kama dj aliwaachia muione vizuri. Tae-seok yuko kwenye chumba cha peke yake, giza, ukuta wa pili kuna mfungwa mwingine ambaye hata sura hamjui. Wanacheza baduk kwa kugonga ukuta. Hakuna ubao, hakuna jiwe, wanagonga kutaja mstari gani na mstari gani, na mchezo mzima uko kichwani mwa kila mmoja. Mi hiyo ndo sehemu bora kuliko zote, kuliko hata ile ya chumba cha barafu wanapocheza vifua wazi huku wanaganda. Mtu kanyang'anywa kila kitu, kaka kafa, jina limechafuka, alafu kuna mtu upande wa pili anamgongea anamwambia cheza. Watu huku wanaitaja sana hiyo sini, na 2019 wakatoa muvi nyingine ya mfululizo huo, steringi Kwon Sang-woo, stori ya miaka ya nyuma zaidi.

Usidhani kukumbuka mchezo mzima ni uongo wa sinema. Wachezaji wa kulipwa wakimaliza wanafanya kitu kinaitwa bokgi. Aliyeshinda na aliyeshindwa wanabaki mezani, wanafuta ubao, wanaurudia mchezo wote jiwe kwa jiwe kutoka kichwani, mawe zaidi ya 200, wakifika pale palipoharibika wanasimama, ungeweka hapa ingekuwaje, na hapa je. Aliyefungwa anakaa na aliyemfunga wanaulizana kwa heshima. Mara ya kwanza kuona nilisisimka mwili mjomba. Kwenye muvi mi sikumbuki kuona hata mara moja wakifanya bokgi, na nadhani imeachwa makusudi, kwa sababu wale ukishindwa hubaki mezani, unakatwa. Sal-soo kauondoa mchezo kwenye kile kinachoufanya uwe mchezo. Mi hilo ndo kosa lake la kwanza kabla ya damu yoyote.

Lawama yangu kwa waongozaji ni kwamba wameuharakisha ubao. Kamera inaonyesha jiwe moja, inakimbilia sura, jiwe, sura, alafu kisu. Hata mimi ninayejifunza siwezi kufuata wanachocheza. Wangetupa dakika 5 za ubao uliotulia tungeelewa kila mmoja wao ni mtu wa aina gani, maana mtu anaonekana kwenye uchezaji wake, we mwenyewe huwa unasema hivo kwa wacheza bao. Na yule dada wa upande wa Sal-soo, mchezaji mzuri, wamempa nafasi ndogo sana, kapotea hivihivi.

Kamari ilikuwepo kweli, hawajaitunga. Kuna kumbi zinaitwa kiwon, unalipa kidogo unakaa unacheza siku nzima, na zamani zilijaa moshi wa sigara na hela zilitembea chini ya meza, kuna aina ya kamari ambayo mnalipana kwa tofauti ya nyumba, umefungwa kwa nyumba nyingi unatoa zaidi. Sasa hivi kiwon zimepungua, vijana wanacheza kwenye simu. Wazee ndo wamebaki. Maeneo ya Jongno katikati ya mji, karibu na bustani ya Tapgol, palepale lilipotangazwa azimio la uhuru dhidi ya wajapani Machi 1, 1919, wazee wanakuja kukaa pamoja, na mzee mmoja jirani yangu anayenifundisha mchezo, namuita harabeoji yani babu, anasema ujana wake kaumalizia mitaa ile. Hajawahi kumchoma mtu kisu. Ananifunga kila siku alafu ananirudishia mawe tunaanza bokgi.

Alafu kuna hili la jina. Machi 2016, miaka miwili baada ya muvi, mkorea Lee Sedol, mchezaji mkubwa wa baduk, alicheza na kompyuta inaitwa AlphaGo hapahapa Seoul, hoteli ya Four Seasons, michezo mitano. Nchi nzima ilikaa kwenye tivii. Kafungwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, watu wanalia. Mchezo wa nne, jiwe la 78, akaweka katikati sehemu ambayo kompyuta haikuitegemea, ikaanza kucheza ovyo mpaka ikakubali kushindwa. Wakorea jiwe lile wakaliita sinui hansu, na hilo ndo jina la hii muvi kwa kikorea, pigo la mungu. Jumla alifungwa 4 kwa 1, na 2019 akastaafu, akasema hata awe namba moja kuna kitu hakishindiki. Harabeoji hadi leo akilitaja jiwe la 78 sauti inabadilika.

Waambie na kina dada kwamba ile tamthilia ya The Glory waliyokesha nayo, ya Song Hye-kyo, baduk lilelile. Yule binti aliyeteswa shuleni kajifunza baduk kwa ajili ya kumsogelea mume wa adui yake, anamfunga kwenye ubao kwanza ndo aingie kwenye maisha yake. Naye kapita pembeni, hakumrukia mtesaji wake moja kwa moja. Pae tupu.

Kuna kijana wa kwetu anamaliza masomo anarudi mwezi ujao, nimempa ubao mdogo wa 9 kwa 9 na mawe akuletee. Huo ndo wa kujifunzia, mchezo unaisha haraka. Anza na dogo, mweusi awe yeye, na msianze kubishana kuhusu pae mpaka mnipigie video nione mmewekaje. Muvi irudieni, ile ya jela mwambie mwenye kibanda aongeze sauti na dj anyamaze. Bibi mpe shikamoo yangu, mwambie hela ya dawa nimetuma jana kwa mama.

Mpwa wako, Seoul.