Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kusoma Hukumu

Ndugu wanachama,

Kwenye mkutano mkuu uliopita tuliachana bila jibu la swali moja: sheria isiyokuwemo katika kifungu chochote imetoka wapi? Ndiyo maana mwaka huu tuliziweka kando sheria za Bunge, tukasoma hukumu. Najua baadhi yenu mlinung'unika.

Tulianza na konokono. Agosti 1928, mjini Paisley, Scotland, May Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, haionyeshi kilichomo. Alikuwa ameshakunywa kiasi pale rafiki alipomimina iliyobaki, na kwa maelezo yake akatoka konokono aliyeoza. Akaugua. Amdai nani? Hakuwa na mkataba na mwenye mgahawa, kwa sababu aliyelipa ni rafiki. Na mtengenezaji, David Stevenson, ndiyo kabisa. Wala Bunge halikuwa limetunga sheria ya kumsaidia.

Mwaka 1932, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, likaamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba mtengenezaji wa namna hiyo ana wajibu kwa mnywaji wa mwisho. Lodi Atkin, mmoja wa majaji hao watatu, hakulitoa hilo hewani. Alizipitia kesi za zamani akitafuta kinachoziunganisha, akakipata: usimdhuru jirani yako kwa uzembe, na jirani ni yule ambaye ulipaswa kuona mapema kwamba tendo lako litamgusa. Hivyo ndivyo komoni loo, yaani sheria inayojengwa na hukumu za majaji, inavyokua, kesi ikipandia mgongo wa kesi.

Wenzetu wawili walikula karibu kikao kizima wakibishana kama konokono kweli alikuwemo. Hakuna mahakama iliyowahi kuliamua hilo! Swali lililofika juu lilikuwa la kisheria tu: tuseme alikuwemo, je, kuna dai? Baadaye wahusika wakapatana.

Tulipokwama hasa ni kwenye kutenga kiini cha uamuzi na maneno ya kando. Kiini, yaani hoja ya kisheria iliyobeba uamuzi, ndicho kinachozifunga mahakama za chini; ya kando, aliyoyasema jaji bila uamuzi kuyategemea, huheshimiwa tu. Kilichotukwamua ni zoezi la kubadili jambo mojamoja. Je, kama chupa ingekuwa angavu? Kama muuzaji angepata nafasi ya kuikagua kabla ya kuifungua? Kila badiliko lililotishia kugeuza jibu tuliliandika ubaoni kama sehemu ya kiini. Jina la mji na aina ya kinywaji vilifutwa dakika ya kwanza. Binafsi naona jioni ile ilizidi mihadhara yangu yote mitatu, na nimekubali kuipunguza.

Ngazi za mahakama tulizipita haraka. Ila kumbukeni kwamba Malodi walijifunga kwa maamuzi yao wenyewe tangu 1898, na mwaka 1966 wakatangaza kuwa wanaweza kuyaacha inapobidi.

Waliohofu kwamba majaji wamelipiku Bunge nao walipata jibu. Mwaka 1942 jeshi la Uingereza liliharibu mitambo ya mafuta huko Burma isije ikaangukia mikononi mwa Wajapani. Malodi wakasema, mwaka 1964, kwamba serikali inapaswa kulipa fidia. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria iliyoifuta haki hiyo, hata kwa uharibifu uliokwisha kutokea. Kwa hiyo Bunge likisema waziwazi, hukumu inapisha. Mimi bado sheria ile ya kurudi nyuma inanikera, na katibu ananiambia chuki yangu si hoja ya kisheria.

Mahudhurio yalishuka katikati ya mwaka. Kosa ni langu: niligawa hukumu ndefu nzima bila kuweka alama pa kuanzia. Hesabu atazisoma mweka hazina. Fedha nyingi zimeishia kwenye kuchapa nakala.

Kikao kijacho tunaingia kwenye namna mahakama zinavyosoma maneno ya sheria iliyotungwa na Bunge. Kila mmoja aje na hukumu moja, amepigia mstari sentensi anayodhani ndiyo kiini, na awe tayari kubishiwa.