Mzigo wa dharura usimnyime dereva usingizi

Ndugu Mhariri,

Kila mvua zikikolea na maji yakala tuta la reli kule Kilosa na Gulwe, sisi wa Tabora na Kigoma tunajua kinachofuata. Mafuta, saruji na unga vinahamia barabarani, bei zinapanda, na utasikia watu wakisema waacheni madereva wakimbize mzigo, habari za kupumzika zingoje hali itulie. Maneno hayo yananitia hofu, maana nimekaa kiti cha utingo kwenye lori la namna hiyo.

Ilikuwa Mei 2015. Warundi waliokimbia kwao walikuwa wamejazana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kimewaingia, meli ya MV Liemba inawasomba kuwaleta Kigoma ili wapelekwe kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Sisi tulibeba blanketi na ndoo kutoka Dar es Salaam. Dereva mmoja. Tajiri alikuwa hakauki kwenye simu: "Watu wanakufa huko, wewe unalala?"

Usiku wa pili, tumeshaiacha lami Nyakanazi, kazi yangu ilikuwa moja tu: kumsemesha. Nikimuuliza habari za watoto wake, ananijibu habari za matairi. Alijimwagia maji ya dumu kichwani, akashusha kioo, vumbi likatujaa. Halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nzega bado?" Nzega tulikuwa tumeipita mchana. Macho yake yalikuwa wazi, nayatazama. Kabla hatujafika Kibondo lori likaingia mtaroni taratibu, kama mtu anayeegesha.

Namshukuru Mungu tulitoka hai, mimi na mkono uliovunjika. Lakini blanketi zilichelewa siku mbili, wakati kaka yule angelala kwa muda wa saa sita tu pale Kahama zingefika asubuhi ileile. Na kuna jambo linaloniuma mpaka leo: nyuma ya zile blanketi tulikuwa tumepakia bati za duka la mtu Kasulu. Bati zile hazikuwa na dharura yoyote. Zilipata mbio za msaada kwa sababu zilipanda lori moja na msaada.

Sipingi kulegeza saa za kuendesha wakati wa dharura. Daraja likikatika na dawa zinangojwa upande wa pili, saa mbili za ziada zinaweza kuokoa mtu. Ila ruhusa hiyo iwe ya mzigo, isiwe ya tajiri, na dereva abaki na haki ya kusema nimechoka.

Wenzetu Marekani wameliandika hilo. Siku za kawaida dereva wa lori la mizigo haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11, tena baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Machi 2020, korona ilipoingia, walizilegeza saa hizo nchi nzima kwa waliobeba vifaa vya hospitali, chakula na mahitaji mengine ya dharura. Tangazo lenyewe lilikataa ujanja wa kuchomeka mzigo kidogo wa msaada ndani ya mzigo wa biashara ili kupata nafuu hiyo. Nilipolisoma nilizikumbuka bati zetu. Lilisema pia kwamba dereva akimwambia mwajiri anahitaji kupumzika, lazima apewe saa zake 10 kabla ya kurudi kazini. Hata hivyo nafuu ile iliongezwa na kuongezwa mpaka Oktoba 2022. Mwaka uliofuata wakabana: nafuu inayotokana na tangazo la gavana wa jimbo ikashushwa kutoka siku 30 hadi 14, na ikabaki kwenye saa za kazi tu, bila kugusa kanuni nyingine za usalama.

Hapa kwetu abiria wa basi la safari ndefu anajua kuna dereva wa pili, maana safari inayozidi saa 8 za kuendesha inawataka wawili. Aliyebeba msaada anaachiwa utingo na kahawa.

Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na kamati za maafa zipo mpaka wilayani. Maafa yakitangazwa, kamati ikae na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na polisi wa usalama barabarani, watoe karatasi moja ya kukaa kwenye kichwa cha lori: mzigo gani, kutoka wapi hadi wapi, mwisho wake lini, na dereva akishashusha apumzike saa ngapi kabla ya kugusa usukani tena. Safari ikiwa ya kutoka Dar hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000, waandikwe madereva wawili. Na chini kabisa iwekwe namba ya simu ya kamati, ili dereva akishindwa aipigie hiyo badala ya kumpigia tajiri, na deiwaka, yaani dereva wa kushikia, atafutwe wakati yeye amelala.

Utingo wa zamani,
Tabora