Poda ya kuzuia damu iwe kabatini kabla mgonjwa hajapanda mezani

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba unipe nafasi kidogo niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwezi wa nne. Mimi ni nesi mstaafu, nimefanya kazi thieta, yaani chumba cha upasuaji, zaidi ya miaka 20, naishi hapa Majengo, Moshi, kwahiyo haya ninayoandika nimeyashika kwa mikono yangu.

Wifi yangu alikuwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, akapangiwa operesheni ya matundu, ile ya kuingiza kamera na vyuma vyembamba kwenye matundu madogo tumboni, kwenye hospitali moja ya huku kwetu kaskazini, tukafurahi sana manake tuliambiwa kesho yake au keshokutwa atakuwa nyumbani. Tumekaa kwenye benchi nje ya thieta, imepita kama saa moja na nusu hivi, mlango ukafunguka, nesi akatoka na karatasi mkononi, barakoa kaishusha kidevuni, akauliza ndugu wa mgonjwa wa nyongo ni nani. Kwenye karatasi limeandikwa jina la poda ya kuzuia damu. Akasema jamani itafuteni haraka, damu inavuja kwenye ini. Kijana wetu akaruka kwenye bodaboda, famasi ya kwanza hawaijui, ya pili wakampa poda ya kupaka vidonda, ya tatu pale karibu na mnara wa saa ndo wakamwambia ukweli kwamba hiyo inaagizwa Dar na siku hiyohiyo haiwezi kufika. Alivorudi mikono mitupu daktari alikuwa ameshafungua tumbo.

Daktari simlaumu kabisa. Damu ikiwa inavuja na huoni inakotoka, kufungua ndo kumwokoa mgonjwa, na kweli alimwokoa, akakandamiza kwa gozi, vile vitambaa laini vya kunyonya damu, mpaka damu ikakata. Lakini wifi alikaa wodini siku nane badala ya mbili, ana kovu chini ya mbavu refu kama kiganja, na miezi miwili hakuweza kubeba hata ndoo ya maji wakati ana watoto watatu na ng'ombe.

Watu wengi hawajui kwamba operesheni ya matundu inaogopa damu kuliko ile ya kupasua. Ukipasua tumbo daktari ana mikono miwili mle ndani, anaweka gozi kubwa anakandamiza, anapata muda wa kufikiri. Kwenye matundu tumbo limejazwa gesi, anaangalia skrini, ana vyuma virefu vyembamba tu, na damu kidogo tu ambayo kwenye tumbo lililo wazi usingeijali, huku inapaka kioo cha kamera, alafu damu inakula mwanga, yaani picha yote inakuwa giza. Mshipa unaorusha damu atauona na ataubana kwa klipu. Shida ni ile inayotoka kama jasho, pale mfuko wa nyongo ulipokuwa umeshikana na ini, haina tundu moja la kusema ubane hapa, na ukichoma kwa umeme sana unaweza kuunguza kitu kingine cha jirani. Daktari alituambia baadae kwamba ya wifi ilikuwa ya namna hiyo, na hapo ndo poda inapofaa.

Tukiwa pale kwenye benchi shangazi yetu aliniuliza, "Mwanangu, hiyo poda si kama kahawa tuliyokuwa tunawawekea mkijikata na panga?" Nikamwambia hapana shangazi, na naomba na wasomaji wanisikie, manake huku vijijini bado mtoto akijikata akikata majani ya ng'ombe watu wanakimbilia unga wa kahawa au tumbaku. Ile inaingiza uchafu kwenye kidonda na daktari anakuja kupata kazi ya kuuchokonoa. Osha kwa maji safi, kandamiza kwa kitambaa kisafi dakika 10 bila kuchungulia chungulia, nenda hospitali.

Poda ya thieta imetengenezwa bila vijidudu, nyingine ni wanga uliosafishwa, hata wa viazi, nyingine ni selulosi, yaani nyuzi za mimea. Ile ya wanga inanyonya maji kwenye damu haraka sana, chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba kidonda, na protini za kugandisha zinabaki zimesongamana, damu inaganda pale pale, alafu wanga wenyewe mwili unauyeyusha ndani ya siku chache. Ya selulosi inakaa zaidi, hata wiki kadhaa. Zinakuja kwenye kichupa laini cha kubonyeza chenye mrija mrefu unaopita kwenye tundu. Na ina adabu zake, mrija ukigusa damu ncha inageuka uji inaziba, kwahiyo kwanza unavuta damu, unakausha kwa gozi ndogo, unapuliza hapohapo kabla damu haijajaa tena, unakandamiza kidogo, unasubiri, alafu unaosha iliyozidi, manake selulosi ikibaki nyingi baadae kwenye kipimo cha siti skani inaweza kuonekana kama jipu. Usiipulize ndani ya mshipa hata siku moja, inaweza kwenda kuziba kwingine. Na kwa mshipa mkubwa unaoruka haisaidii kitu, inasombwa tu.

Sio kila poda ni salama pia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanajeshi wa Marekani walipewa ya zeolaiti, aina ya madini, ya kumwaga kwenye majeraha, ikikutana na maji ilikuwa inapata moto mpaka inaunguza nyama, ikabidi ibadilishwe. Ndo maana sipendi hii habari ya ndugu kutumwa famasi na karatasi, ndugu atajuaje anachonunua? Akileta siyo, au iliyokwisha muda, tumbo la mtu liko wazi.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa hospitali za Moshi na Arusha zinazofanya operesheni za matundu ni moja tu. Wekeni hata vichupa viwili kwenye kabati la thieta, viandikwe kwenye ile orodha inayosomwa kabla ya kuanza kama mnavyohesabu gozi na kuuliza damu ya akiba ipo. Kama ni lazima ndugu walipie basi tuambiwe siku ya kliniki, tukiwa na akili zetu, tuchange, sio tukiwa kwenye benchi.

Na ninyi wagonjwa mkiwa mnameza aspirini au wafarini, dawa zinazofanya damu isigande haraka, mwambieni daktari mapema bila kuulizwa, msiache wenyewe, aamue yeye.

Wifi anarudi kliniki mwezi ujao kuangaliwa kovu. Nitamsindikiza, na nitauliza kama poda imeshaingia kabatini.

Nesi mstaafu,
Majengo, Moshi